Weusi wa Kikaango cha Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Siku kubwa! Mama mkwe amefika asubuhi na kikaango chake, kimefungwa kwenye kitambaa cha maua, amekikumbatia kama mtoto mchanga. Mafundi wanapaka rangi jikoni kwake, na yeye hamwamini mtu yeyote anayetembea na ndoo ya rangi. Kitakaa kwetu wiki hii. Jumapili atakuja hapa hapa, atukaangie mayai sote, kisha atangaze anamwachia binti yupi: mke wangu au dada yake. Amesema anataka kukitoa angali hai, apate kuona wanavyogombana.

Mke wangu amekipokea kwa mikono miwili. Kwenye kikaango hicho ndiko alikojifunza kukaanga yai, amesimama juu ya kigoda. Miaka yote ya ndoa yetu hajanililia dhahabu wala nini. Anakitaka hicho tu. Na mimi namtakia. Kwanza, kwa sababu nampenda. Pili, kwa sababu mume wa dada yake atapasuka.

Mwanyumba wangu huyo! Tumeoa dada wawili na tunaugua ugonjwa mmoja: kukusanya vikaango vya zamani vya chuma cha kusubu, vile vizito ambavyo kimoja kikikuangukia mguuni unabadili mwendo maisha yako yote. Mimi ninavyo vitano, nimevitundika chumba cha nyuma. Kimoja kina ufa. Yeye ana kabati zima la vioo, tena lina taa ndani. Kila sentensi anaianza na "kitaalamu". Nimempa jina la Mjuzi, na si kwa heshima.

Sasa sikia utamu. Mke wangu aliuliza kwa nini kikaango hakikupelekwa kwa Mjuzi. Mama mkwe akajibu kwamba yule hawezi kuona kikaango akaacha kukichokonoa. Akasema mimi, angalau, ni mtu wa kutulia. Mtu wa kutulia! Nilivimba kichwa mchana kutwa.

Walipotoka nikakifunua kidogo. Lo! Uchafu gani huu? Cheusi tii, ndani na nje, gamba juu ya gamba. Mimi ni dobi. Nimeng'oa madoa ya wino, ya damu, ya grisi, na ya rangi ya midomo ambayo mwenye shati aliapa hajui ilikotoka. Moyo ulinienda mbio.

Mke wangu akarudi ghafla kuchukua funguo, akanikuta nimekikodolea macho. Akasema nisikiguse. Nikamuuliza mimi na kukigusa wapi na wapi. Akarudia: nisikiguse. Yeye anafundisha watu kuendesha magari. Kazi yake ni kuona kosa kabla halijatokea. Lakini hapa ni nyumbani, si barabarani.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Nimepata wazo. Wazo zuri mno. Nashangaa linakuja kwangu tu.

Mama mkwe atakabidhi kikaango nyumba ambamo kitatunzwa. Je, kutunza ni nini? Ni kusafisha! Sasa, Jumapili afungue kitambaa chake, akute kikaango kipya kabisa, kinang'aa kama siku kilipotoka kiwandani. Atalia. Mke wangu atalia. Mjuzi naye atalia, lakini kilio cha aina nyingine. Isitoshe, chini ya gamba lile lazima kuna muhuri wa mtengenezaji. Muhuri! Nani anajua mama wa watu amekuwa akikaangia mayai kwenye hazina gani?

Nimechota magadi makali kazini, yale ya kutolea madoa sugu. Bosi akauliza ndoo inakwenda wapi. Nikasema kuna gauni la arusi lina doa la aibu. Akainamisha kichwa kwa heshima, akaniacha nipite.

Kikaango sasa kimelala ndani ya ndoo, kibarazani, nyuma ya nguo zilizoanikwa. Kwenye kitambaa cha maua nimefunga kile changu chenye ufa na kukirudisha juu ya rafu. Uzito ule ule, umbo lile lile. Mke wangu alipopita akakipapasa. Nikaangalia dirishani.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Ushindi! Asubuhi nimekitoa kwenye ndoo, gamba likaanguka lenyewe kwa mapande. Maji meusi kama wino. Kidogo kilichobaki nimekimaliza kwa brashi ya waya. Chuma kitupu, cha kijivu, safi! Na muhuri upo! Nyota ndogo mgongoni. Nimeibusu.

Kulikuwa na kasoro moja. Ukingoni, karibu na mpini, palikuwa na pengo, pamemeguka kiasi cha kuingia kidole gumba. Kazi nzuri haiachwi nusu. Nikachukua tupa, nikasugua ukingo mpaka pengo likapotea. Ukipitisha mkono husikii kitu. Nikakisuuza kwa siki, nikakitundika kikauke, nikaenda kazini napiga mluzi.

Jioni nikarudi. Nikafunua nguo zilizokificha. Jamani!

Kutu. Kikaango kizima. Rangi ya machungwa!

Nikajikaza kisabuni, nikampigia simu Mjuzi. Sikusema ni mimi. Nilisema nina rafiki, mtu mwenye akili zake, msafi, ambaye kwa bahati mbaya amekisafisha kikaango cha mtu kwa magadi. Mjuzi akacheka mpaka akapaliwa. Nikamsikia akimwita mkewe aje asikilize. Kisha akasema kwamba, kitaalamu, weusi ule si uchafu. Ni mafuta yaliyoungua juu ya mafuta, mwaka juu ya mwaka, yakashikamana na chuma. Ndiyo yanayozuia kutu, ndiyo yanayofanya yai liteleze. Watu wa vikaango huwa wanaununua weusi, chuma wanapewa kama nyongeza. Akasema rafiki yangu amekichuna kikaango ngozi.

Nikakaa chini, sakafuni, karibu na ndoo.

Nikauliza kama rafiki yangu anaweza kuurudisha. Akasema anaweza: apake mafuta membamba sana, mpaka adhani hakupaka, akichome kwenye oveni, kipoe, apake tena, achome tena, na tena, na awe na subira. Akauliza rafiki huyo anaitwa nani. Nikakata simu.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Subira ni ya watu wenye muda. Mimi Jumapili ipo mlangoni. Nikafikiri: kama mafuta membamba yanafaa, mazito yatafaa zaidi. Hesabu ya kawaida tu.

Nikasugua kutu ikatoka. Nikaomba ruhusa kazini, nikasema tumbo. Nikakimwagia kikaango mafuta ya kutosha, nikakitia kwenye oveni, nikawasha moto wa mwisho. Nikaketi kungoja nikiwa na gazeti.

Moshi ulianza kwa adabu. Mara ukajaa jiko, ukajaa sebule, ukatoka dirishani ukateremka kwa jirani wa chini, mshonaji, ambaye alikuwa ametundika magauni ya watu nje. Nikamsikia akipiga kelele kwamba tunaungua. Nikamjibu kwamba hatuungui, tunapika. Akasema hakuna chakula chenye harufu ile. Akaita zimamoto.

Wakaja. Na kofia zao, na mpira wao, na viatu vyao kwenye sakafu yangu. Yule mkubwa wao akafungua oveni, akatazama ndani, akatingisha kichwa. Akaniambia mafuta nimepaka mengi mno, yanatakiwa membamba. Hata zimamoto! Kumbe mji mzima unajua isipokuwa mimi!

Kikaango kimetoka na mabaka ya kahawia, kinanata. Nilipokigusa kikanishika kidole, tukaburutana mpaka kwenye sinki.

Mke wangu amerudi akaukuta moshi umetanda. Nikasema nilikuwa namwokea mkate, nimshangaze. Uongo ulitoka mdomoni wenyewe, umevaa na viatu. Basi akanitazama kwa macho laini, akasema tangu azaliwe hakuna mwanamume aliyemwokea chochote. Akanishika shavu. Nikaona haya, haya za kweli. Kisha nikatoka mbio kwenda kununua mkate, nikauchana karatasi njiani, nikauchoma pembeni kwa kiberiti ili ufanane na wangu. Ameula wote. Amesema una ladha ya mapenzi.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Nimezunguka kwa wauza vyuma chakavu wote nikitafuta pacha wake. Hakuna. Mmoja alinionyesha kifuniko cha shimo la maji taka, akasema kikipata mpini kitafaa.

Nikarudi nimekata tamaa, nimekaa kitandani nikivua viatu. Viatu vyeusi. Vinang'aa.

Potelea mbali na subira! Rangi ya viatu!

Nimekisugua kikaango mpaka kunata kukaisha, nikapaka rangi ya viatu ndani na nje, nikasugua kwa brashi, nikapaka tena, nikapiga kwa kitambaa. Mungu wangu, kilivyopendeza! Cheusi kuliko hata mwanzo. Nilijiona humo, na nilionekana mtu mwenye furaha.

Kasoro ni harufu. Kinanuka kama chumba cha kungojea mahojiano ya kazi. Nimekipaka kitunguu. Sasa kinanuka kama chumba hicho, na mmoja wa wanaongoja amekula kitunguu. Yatosha. Nimekirudisha kwenye kitambaa cha maua. Kile chenye ufa nimekitundika mahali pake. Hakuna aliyejua, hakuna atakayejua. Nitalala usingizi mnono.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Mjuzi kaja na mkewe. Eti walikuwa wanapita. Mtaa wetu haupitiki, ukiingia ni lazima uwe umekuja.

Alielekea rafuni moja kwa moja. Akasema anataka kukitupia jicho tu, kitaalamu. Nikasimama mbele ya rafu. Akaenda kulia, nikaenda kulia. Akaenda kushoto, nikamkata. Akashika ncha ya kitambaa, nikashika ncha nyingine, tukavutana watu wazima wawili kimyakimya, tukitabasamu, mpaka shemeji akauliza kama tumepata nafuu. Nikasema mama mkwe amekikabidhi kwa mtu wa kutulia, na mtu huyo anaitwa mimi. Mjuzi akaachia. Akanusa hewa. Akauliza nani amenunua viatu.

Ukaja ubaya. Wakati wa chai akaanza kumsimulia mke wangu habari za rafiki yangu. Yule mjinga wa magadi! Alisimulia vizuri, lazima nikubali. Aliiga sauti. Mke wangu akacheka mpaka machozi. Akauliza ni rafiki yupi. Nikasema hamjui, anaishi mbali, na ana watoto. Akaendelea kucheka. Halafu akaacha kucheka. Akanitazama vile anavyomtazama mwanafunzi anayekaribia taa nyekundu bila kupunguza mwendo.

Walipoondoka hakuniuliza chochote. Nilitamani aniulize. Alileta nyundo, akapigilia msumari ukutani karibu na jiko, kwa urefu wake mwenyewe, mahali mkono unapofika bila kunyooshwa. Akasema kikija kuwa chake kitakaa pale. Akarudi nyuma akautazama msumari mtupu, akatabasamu peke yake. Nusura niseme. Mdomo niliufungua kabisa. Kisha nikakumbuka jinsi kinavyong'aa, nikaufunga.

Jumapili, tarehe 12 Mei

Nimeumbuka. Naandika nikiwa nimejifungia bafuni.

Mama mkwe kafika amevaa vizuri. Tukampa shikamoo zake, akaketi, akanywa maji. Kisha akasimama jikoni, akafungua kitambaa. Kikaango kikammulika machoni kama kioo. Akakisogeza mbali na macho. Nikadhani ni furaha. Akasema, polepole, kwamba kinang'aa. Nikasema tumekitunza, mama. Mjuzi alikuwa amenyoosha shingo kama anachungulia ukuta wa jirani.

Akawasha moto. Na wakati mafuta yanapata joto, huyu Mjuzi, asiye na pa kuuweka ulimi wake, akaamua kumsimulia mama mkwe kisa cha rafiki yangu! Chote! Magadi, kutu, simu! Mama mkwe akasema mtu kama huyo asikaribishwe jikoni kwa mtu. Nikaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Harufu ikaanza. Shemeji akauliza nani anapiga pasi viatu. Mama mkwe akavunja yai. Ute uliingia mweupe, ukawa kijivu, ukawa mweusi. Mweusi! Kiini kikabaki katikati kinanitazama. Akaligeuza, likakataa. Akazima moto. Akalinusa. Kikaango kilipopoa akapitisha kidole gumba ukingoni, karibu na mpini, akarudi, akapitisha tena, taratibu. Akauliza pengo liko wapi.

Ningeweza kunyamaza. Mtu mwingine angenyamaza. Lakini ile ndiyo sehemu pekee ya kazi niliyoifanya vizuri! Nikasema, tena kwa fahari, kwamba nimelisawazisha kwa tupa, na kwamba hata ukipitisha mkono husikii kitu.

Mama mkwe akakiweka kikaango chini.

Akatueleza. Mwaka wao wa kwanza wa ndoa aligombana na baba mkwe, marehemu, akamrushia kikaango kile. Kikamkosa, kikapiga kizingiti cha mawe, kikameguka. Baba mkwe akakiokota, akakipangusa kwa shati lake, akawasha moto akamkaangia yai. Mbichi upande mmoja. Lilikuwa yai la kwanza kukaanga maishani mwake. Tangu siku ile, kila asubuhi mama mkwe akishika mpini, kidole gumba chake huingia kwenye pengo, na huanza siku kwa kumcheka mzee.

Nilitamani kuingia kwenye oveni nikafunga mlango. Machozi yalinitoka, siyafichi. Nikapiga magoti mbele ya kila mtu, nikasema yote: ndoo, magadi, kutu, zimamoto, rangi ya viatu. Nilipofika kwenye mkate mke wangu akasema, "Bwana."

Ieleweke. Akiniita mume wangu, mambo shwari. Akiniita wewe, siku ya kawaida. Bwana, nitafute pa kulala.

Mjuzi akafungua mdomo, akasema kitaalamu. Mama mkwe akamwambia anyamaze, kitaalamu. Angalau nimepata hilo.

Kisha mama mkwe akavua saa, akakunja mikono ya gauni lake, akakisugua kikaango mpaka rangi ya viatu ikatoka yote. Akakikausha motoni. Akachovya kidole kwenye mafuta, tone tu, akalisambaza kwa kitambaa mpaka sikuona kitu. Akasema kikaango hakiwezi kukabidhiwa kwa mtu kikiwa uchi. Ataanza upya, na ataanzia hapa hapa, kwa sababu moshi nyumba hii imeshauzoea. Atahamia kwetu mpaka kiwe cheusi tena. Nikauliza, kwa heshima zote, itachukua muda gani. Akasema mara ya kwanza ilichukua ndoa nzima.

Na kikishakuwa cheusi ni cha mke wangu. Shemeji akauliza kwa nini. Mama mkwe akanionyesha mimi kwa kidole, akasema binti mwenye mzigo ule ndiye anayestahili fidia. Shemeji alikubali haraka mno. Nimeumia.

Mke wangu kakitundika kwenye msumari wake. Kijivu, kina mabaka, hakina pengo. Alisimama akikitazama, mama yake akamshika bega, wakaanza kucheka wote wawili. Mimi nikaja huku bafuni.

Jumatatu, tarehe 20 Mei

Mama mkwe yuko chumba cha nyuma. Vikaango vyangu vitano viko chini ya kitanda chake, na haruhusu mtu kuinama pale. Kila asubuhi tunakula vitunguu vya kukaanga, maana amesema vitunguu vinasaidia weusi. Bosi ameniomba nisisimame karibu na nguo safi. Mjuzi anakuja kila jioni kujifunza kupaka mafuta membamba, na mama mkwe amesema ana mkono mwepesi. Mkono mwepesi! Yule!

Lakini mke wangu anaamka akiimba. Nawasikia jikoni yeye na mama yake, wanabishana, wanacheka. Leo ameniita wewe. Nimefurahi hadi nikakosea kufunga vifungo vya shati.

Nimejifunza mengi. Weusi si uchafu, nimeshaelewa. Vitu vya watu si vyangu. Sitagusa kikaango cha mtu tena, naapa.

Ila mama mkwe amekuja na birika lake. Nimeliona leo juu ya jiko. Lo! Limeungua kuanzia kitako mpaka mdomoni, na mpini umepinda vibaya, mtu akilinyoosha kwa koleo ni dakika moja tu. Nimelikwaruza kidogo kwa ukucha. Ni shaba! Shaba tupu, imefichwa humo inateseka! Mama mkwe kaniona, akasema nisiliguse. Hakusema kwa nini. Angekuwa na sababu angeitaja.

Na birika si kikaango. Birika halikaangiwi, halina ngozi, kitu cha maji tu. Akiamka alikute linang'aa, atanisamehe yote. Sasa hivi amejilaza, mke wangu yuko barabarani na mwanafunzi, na magadi yamebaki nusu ndoo.